King'amuzi cha Vitufe Sita

Saa nne na dakika nane asubuhi, ndani ya basi la Tainan, kusini mwa Taiwan, mwanamume wa makamo kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa amepakata boksi la king'amuzi kidogo cha televisheni ya intaneti. Bibi aliyeketi kando yake, ambaye hakumjua, alikuwa ameshasoma bei. "Yuan elfu moja na mia tano. Rahisi. Cha nani?"

"Cha mama, shangazi. Rimoti ina vitufe sita tu, hata paka anaweza."

"Paka hachomoi plagi. Mama yako je?"

Mwanamume alikiri kwamba mama yake huchomoa. Wazee wa hapa huchomoa kila kitu kabla ya kulala, isipokuwa friji. "Ila hiki ukikichomeka tena kinawaka chenyewe," alisema. "Nimekijaribu mara tatu."

"Umekijaribu wewe! Changu kila asubuhi kinadai nenosiri."

"Basi chako kibovu. Mimi narudi Taipei leo jioni, kikimsumbua atanipigia."

Bibi alicheka mpaka dereva akatazama kioo. "Mwanangu naye alisema hivyo hivyo. Kila Jumapili ananiuliza, namwambia kinafanya kazi vizuri mno. Tangu Mwaka Mpya sijaona picha."

"Sasa kwa nini humwambii?"

"Ana kazi nyingi. Kwani mama yako atakwambia?"

"Wangu atasema," alijibu papo hapo.

Saa nne na dakika ishirini na moja basi lilisimama sokoni. Mwanamume alishuka mbele yangu, boksi kwapani. Kwenye simu yake alikuwa akihamisha tiketi ya treni kutoka jioni ile hadi kesho yake mchana.