Vipande Hamsini na Viwili

Sogeeni, wanangu, nawe Kasian funga huo mlango, maana maneno haya nitayasema mara moja tu. Baba yenu mdogo Cornel amefunga safari kutoka Msumbiji kuja kunichukua. Anasema nchi imepata uhuru wake mwaka huu, mwacha asili ni mtumwa, nikafie kwetu. Namshukuru kwa nauli yake. Siendi.

Kwetu ni hapa Chanzuru. Nyinyi hamna shida, maana mama yenu Costancia, Mungu amrehemu, alizaliwa Vidunda, na wazazi wake Vidunda, mkawa raia bila kuomba. Mgeni katika nyumba hii ni mmoja tu, naye ndiye aliyeijenga.

Sikilizeni kisa chenyewe, msije mkasimuliwa na watu. Tulipopata uhuru hapa nilikwenda ofisini kuomba uraia wa tajnisi, neno ambalo siku ya kwanza nilidhani ni dawa ya minyoo. Sheria ilitaka mwombaji awe na mwenendo mwema, ajue Kiswahili, na awe amekaa nchini miaka mitano. Karani, kijana ambaye hata shikamoo hakunipa, akaniuliza nimekaa muda gani. Nami mtu wa mkonge nikamjibu kama tulivyohesabu kule Kimamba: vipande hamsini na viwili. Akaandika miezi hamsini na miwili, akasema bado minane, rudi nyumbani. Wanangu, kipande ni siku thelathini za kazi iliyotiwa alama; siku ya homa haimo, siku ya mvua haimo, masika niliyolima mpunga na mama yenu hayamo. Vipande vile vilinila miaka tisa! Ningeweza kumweleza, lakini kiburi kikanishika, nikatoka bila kuaga, nikanuna miaka kumi na mmoja. Kosa hilo ni langu, msilirithi.

Mwaka juzi, tulipohamia kijiji cha ujamaa na watu wakaanza kuulizana nani ametoka wapi, nikarudi. Safari hii karani alikuwa mama mwenye adabu, akanieleza kwamba miezi kumi na miwili ya mwisho kabla ya kuomba, mtu asitoke nje ya nchi. Na kwa kuwa nilikuwa nimevuka Ruvuma kumjulia mama yangu hali, nianze kuhesabu upya. Mwezi wa kumi wa hesabu hiyo habari ikaja kwamba mama amefariki. Nikakaa. Sikumtupia mama yangu hata konzi moja ya udongo. Cornel ananilaumu kwa hilo, ana haki, na mimi linaniuma kila nikiamka.

Tena Lupakisyo, mjumbe wetu wa nyumba kumi, alipotakiwa kuthibitisha mwenendo wangu, aliandika: "Ni mtu mwema, ila ni mgeni." Lupakisyo wa Tukuyu, aliyenikuta mimi Kimamba, nikampa mkeka wa kulalia! Padri ameniambia nimsamehe, nami nimemwambia padri avute subira. Lakini siku ya mazishi mpeni ashike jeneza mbele, begani, aujue uzito wa mgeni.

Shamba la mpunga ni lenu watatu, Fausta na Selestina sawasawa na Kasian. Asije mtu akasema mwanamke hana fungu, nitamsikia.

Barua imekuja jana. Ombi limekubaliwa, nikaape Alhamisi mbele ya hakimu na kuukana uraia wa kwingine. Nikiwa hai, nibebeni kwa kitanda mpaka Kilosa, na wanaocheka wacheke. Msumbiji nitaikana kwa mdomo. Mama yangu simkani, na hakimu asiniulize.

Nikifa kabla, Cornel asiniweke kwenye basi lolote. Nizikeni ubavuni mwa mama yenu. Mungu awakuze mpaka mvi, mlime mvune, mpendane, na mtu akija na mzigo wake kichwani mpeni maji kwanza... ndipo mumuulize atokako. Fausta, niinue kidogo. Basi... hapo hapo.

Kasian, Alhamisi uende na barua ile, nikiwepo nisiwepo. Uitike jina langu likiitwa. Wakiuliza mzee mwenyewe yuko wapi... waambie yuko Chanzuru. Waambie... hatoki tena.