Kidole Gumba cha Mzee Makamasi

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchunguza vitu ambavyo sisi wengine huvuta maji na kuvisahau, fundi mkuu wa kituo chetu cha majitaka anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili. Hapa kazini tunamwita Mzee Makamasi, na jina hilo amelipokea kwa mikono miwili, ambayo tunatumaini alikuwa ameinawa.

Alianza kwa kuzoa takataka kwenye wavu wa kuingilia maji. Vilipoletwa vichujio vya utando, zile shuka nyembamba zinazopitisha maji safi na kuzuia tope, alikabidhiwa yeye kwa kuwa hakuna mwingine aliyevitaka. Wiki ya kwanza aliviona vinateleza, akamimina klorini maradufu ili ving'ae. Bakteria wanaotusafishia maji wakaudhika, wakatoa ute mwingi zaidi, na siku ya tatu vichujio vikaziba kabisa. Mkewe anasema hajawahi kuona mtu mzima akiwaomba bakteria msamaha.

Tangu hapo amewaheshimu kama wakwe. Kila asubuhi huchota tope, hulisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha huandika daftarini neno moja kati ya matatu: maji likiwa jepesi mno, uji likiwa sawa, au makamasi ute ukizidi. Maabara ina mashine ya kupima. Kwa kawaida hukubaliana naye kesho yake.

Mwaka jana presha ya maji ilipanda, vichujio vikakaribia kuziba, na mtaa mzima ukawa hatarini kurudishiwa ulichokituma. Mkuu wa zamu aliamuru klorini mara tatu ya kawaida. Mzee akakataa. Alisema wadudu hawana kosa, ni matundu ya chini yanayopulizia vichujio hewa ya kung'oa tope ndiyo yaliyoziba, apewe siku tano. Akaandikiwa barua ya onyo, ya kutishia kumvua cheo mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Aliikunja, akavaa mabuti, akashuka kwenye tangi lililokaushwa na kuzibua matundu moja moja kwa waya. Siku ya tano mshale wa geji ya presha ulirudi mahali pake.

Mkuu huyo wa zamu ni mimi. Mshale uliporudi nilimwomba ile barua, nikaichana mwenyewe, nikadhani yamekwisha. Wiki hii amenikabidhi daftari lake, nami nikatafuta ukurasa wa siku ya barua ile. Ameandika: tangini, uji, ofisini, makamasi.

Siku hizi nami nasugua tope kila asubuhi. Bado nakosea, na inaniuma kwamba kuanzia Jumatatu hakutakuwa na wa kunicheka.

Mzee wetu, asante kwa kutuvumilia. Mkeo amekuvulisha viatu uani kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na siku utakayoingia sebuleni na viatu vyako bila kuulizwa umetoka wapi.