Mama Ng'ombe na Asubuhi ya Mabenchi Matupu

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na wadogo zangu wamenituma niwasomee maisha ya mama yetu.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa mhunzi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma hadi sekondari, akahitimu uuguzi tarehe 30 Novemba 1973, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika zahanati ambako alichanja watoto kwa miaka thelathini na miwili.

Tarehe 8 Aprili 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea sare za kazi, ambaye, kwa maneno ya mama mwenyewe, alikosea vipimo makusudi ili arudi tena, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Oktoba 1979, surua ikiwa imeshaua watoto wawili mtaa wa pili, karani wa zahanati alisoma kwenye kamusi kwamba neno la Kiingereza vaccine limetokana na jina la ng'ombe kwa Kilatini, akalisema nje bila maelezo, uvumi ukaenea kwamba watoto wanadungwa damu ya ng'ombe, na asubuhi iliyofuata mabenchi yakabaki matupu. Mama hakumgombeza, alisimama mlangoni akawaambia akina mama waliokuwa wakichungulia kwa mbali, "Jamani, karani hakusema uongo, kasema nusu. Zamani wakamuaji waliambukizwa ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi tu, na ile ndui ya kuua ikawapita, basi chanjo ya kwanza ikatokana na hiyo, jina likabaki. Hii ya leo ni ya surua, si damu ya mnyama." Bibi mmoja akamuuliza, "Na wako umemchanja?" Mama akanishusha mgongoni, nikiwa na miezi tisa, akanichanja mbele yao, nikalia hadi sauti ikakauka, na kufikia saa kumi jioni watoto mia moja na kumi na wanne walikuwa wamechanjwa. Tangu hapo aliitwa Mama Ng'ombe, naye akaitika.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2021, akafariki wodini Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, kitinda mimba wake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliovumilia kusahihishwa na mgonjwa wao, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wote. Wengi mlioketi hapa hamkumbuki sindano yake, mlikuwa wachanga mno, basi leo tunamshukuru kwa niaba yenu.

Mama, foleni imekwisha, kaa chini sasa, upumzike kwa amani.