Jeslin Aliyechagua Miaka Sita

Baba kasisi, majirani, jamaa na marafiki mliokusanyika hapa Philadelphia leo, Jumanne tarehe 8 Aprili 2025, familia imenituma mimi, mdogo wa Thampi Kuriakose, baba wa marehemu, niwasomee maisha ya binti yetu Jeslin, nami nilipoketi kuyaandika niliogopa kwamba ukurasa mmoja ungetosha, na kweli umetosha.

Jeslin alizaliwa tarehe 9 Machi 2003 katika jiji hili, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Thampi, mfanyakazi wa posta, na Gracykutty, muuguzi wa wodi ya figo, akabatizwa katika kanisa hilihili, akasoma shule za jirani hadi alipohitimu sekondari Juni 2021, akiwa wa kwanza darasani, mpishi mbovu kupindukia, na mpenzi wa mawe, ambayo aliyapanga dirishani kwake hadi pazia likakataa kufungika.

Mwaka huohuo alipata nafasi mbili, zote zikiunganisha shahada ya kwanza na udaktari, moja katika jimbo letu, ya miaka sita, ambayo mwanafunzi akipumzika hata muhula mmoja kabla ya kuvuka kwenda udaktari hupoteza kiti chake, na nyingine Ohio, ya miaka minane, yenye nafasi ya kusomea miamba na ruhusa ya kupumzika, nayo ndiyo aliyoitaka mwenyewe. Jumapili tarehe 18 Aprili 2021, baada ya ibada, tulikaa kula appam, chapati zetu za unga wa mchele, na mchuzi wa nyama, watu tisa kumwamulia mmoja, kama ilivyo desturi yetu, na shangazi yake Susamma akamtania, akimwita mole, yaani binti, "Mawe, mole? Umemwona mgonjwa gani aliyepona kwa kumeza jiwe?" Tulicheka sana. Ndipo bibi yake, Ammachi, wakati huo ana miaka themanini na moja, akamshika mkono akasema, "Mwanangu, minane sina. Sita, nikijikaza, nitakuona umevaa koti la daktari." Jeslin akasema, "Basi jikaze, Ammachi," na mjadala ukafungwa.

Alianza masomo tarehe 23 Agosti 2021, na Novemba mwaka uliofuata akaona uvimbe shingoni, akaufunika kwa mtandio, kwa kuwa matibabu yangemtaka apumzike, naye mama yake, aliyeuguza wagonjwa miaka ishirini na sita, alimwona kwenye simu kila Jumapili na kumwambia, "Mtandio umekupendeza." Mei 2023 alifaulu mitihani yote, kiti cha udaktari kikawa chake, na tarehe 2 Juni akaanguka jikoni kwao. Ilikuwa saratani ya mitoki, yaani ya tezi za mwilini, ambayo madaktari walituambia wengi hupona ikiwahiwa, lakini hii ilikuwa imekwisha kuingia kwenye uboho. Gracykutty alipomuuliza kwa nini alinyamaza, alijibu, "Ningeanza upya, Amma. Na Ammachi je?"

Kazi hakuwahi kufanya, ndoa hakufunga, mtoto hakuacha, kwa hiyo sehemu hizo nazipita. Aliugua miezi ishirini na miwili, uboho aliopandikizwa kutoka kwa mdogo wake Jerin ukakataa kushika, na Alhamisi iliyopita, tarehe 3 Aprili, saa kumi na moja alfajiri, akatutoka akiwa nyumbani. Ammachi yupo hapa mbele yenu, ana miaka themanini na mitano, anasikia vizuri, na tangu Alhamisi anamuuliza Mungu swali moja tu, kwa nini yeye ndiye aliyebaki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutuondolea theluji mlangoni, wenzake Thampi wa posta waliompa siku zao za likizo ili akae na mwanawe, na ninyi wanafunzi wenzake mliokuja na makoti yenu meupe mkononi bila kuyavaa, tumewaona. Wazazi mnaokaa mezani wiki hii kuwachagulia watoto vyuo, msitujie kwa ushauri, hatuna.

Pumzika kwa amani, mole, pumzika muda wowote unaotaka.