Maji Baridi Sikioni

Mama mmoja alipanda treni Tabora akipepesuka, akaketi mbele yangu, na mzee wa mtaa wa Majengo aliyekaa naye akamwambia, "Dada, pombe ya asubuhi mbaya."

"Sijanywa, baba. Nimetolewa uvimbe ndani ya sikio hospitalini. Kabla ya kunipasua walinimwagia maji baridi sikioni, waone kama nitapata kizunguzungu, maana sikio ndilo linaloshika mizani ya mwili. Baadaye wangenipima tena, wanifundishe kutembea. Lakini kibali chetu wakimbizi cha kutoka makazi ya Katumba kiliisha muda, nikaamriwa kurudi."

"Sheria ni sheria."

Mimi, mkimbizi kama yeye, naikumbuka hiyo sheria tangu tulipoingia nchi hii mwaka sabini na mbili. Mahindi yetu hutoka Katumba kwenda kuuzwa, na hayajawahi kudaiwa kibali.

"Na mtoto uliyemwacha nyumbani, utaweza kumbeba mgongoni?" mzee akauliza taratibu.

"Hilo ndilo naenda kujua."

Treni iliposimama Katumba, sote tuliokuwa tunayumba nayo tukatulia. Yule mama akainuka, akaendelea kuyumba.