Watu Kumi wa Mwalimu Eliudi

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Mwaura, na leo namkumbuka Mwalimu Eliudi, aliyetutoka wiki mbili zilizopita akiwa na miaka sitini na tatu. Niwaambie mapema: leo nina hasira, na ninayemkasirikia kwanza ni mimi mwenyewe.

Eliudi alifundisha historia kule Rombo, Tanzania. Alipokuja huku Marekani akawa msafishaji. Hapa nje ya Rockville, Maryland, kuna makumbusho, yamo ndani ya handaki la zege. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maofisa wa jeshi la majini walikaa humo chini wakiongoza meli zao. Baadaye handaki likatelekezwa, likajaa maji, mpaka likakarabatiwa. Eliudi alipiga deki humo miaka kumi na moja.

Lakini mwalimu ni mwalimu tu. Alideki huku akiwasikiliza waongozaji. Akasoma kila kibao. Akaandika ziara nzima kwa Kiswahili, madaftari mawili: ile meza ya ramani waliyosogezea vimeli vya mbao, chumba cha kufumbulia jumbe za siri, nyambizi za adui. Mkewe Leokadia, sisi tunamwita Mama Flaviana, anasema: "Mimi napika, yeye ananifundisha nyambizi. Namwambia, baba, niachie ugali wangu nisije nikauunguza!"

Akawaomba wakubwa wake aongoze ziara ya Kiswahili. Wakakubali kwa sharti moja: wafike watu kumi. Kumi tu, wasikilizaji. Si mia.

Maryland hii na Virginia hii sisi wasema Kiswahili tumejaa tele. Alitangaza kanisani. Akaweka kwenye grupu la WhatsApp. Tukamjibu nini? "Tuko pamoja, Mwalimu." "Amina." "Mungu akipenda." Sisi "hapana" hatujui kuisema. Tunasema tuko pamoja, halafu hatuonekani. Miaka mitatu orodha haikufika hata majina matano.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikafika kumi. Mimi nilikuwa wa saba. Mwalimu akanunua koti jipya. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, akasimama kwenye mlango wa chuma kutungoja. Wakaja watatu: mkewe, binti yake Flaviana, na jirani yao Ghati, nesi aliyetoka zamu bila kulala. Wakangoja mpaka saa tano. Msimamizi akatoka, akasema samahani, sharti ni sharti. Flaviana ananiambia: "Dad aligeuka tu, uncle. Alitoa koti, akavaa uniform, akaenda kudeki."

Na mimi nilikuwa wapi? Nyumbani, kwa kochi, natazama mpira! Jioni akanitumia ujumbe: "Pole na kazi, kaka. Najua ulibanwa." Jameni! Yeye ndiye ananipa mimi pole.

Hakupata nafasi nyingine. Moyo ulisimama akiwa kazini. Habari ilipotoka, ndani ya saa moja tu, grupu likapata ujumbe mia mbili. Kamati ikaundwa. Mikutano kila jioni. Mazishi yalikuwa Manassas, kule Virginia, na tulifika watu mia tatu, wengine kwa ndege kutoka Texas. Kutoka kwangu hadi lile handaki ni dakika ishirini.

Mama Flaviana, Flaviana, poleni sana. Mtusamehe mkiweza. Msipoweza, nitaelewa. Na wewe unayenisikiliza jikoni au barabarani, mfikirie yule uliyemwambia tuko pamoja. Mwendee leo, angali anapumua.

Juzi makumbusho yalitangaza ziara ya Kiswahili ya kumkumbuka Eliudi. Orodha ikajaa siku hiyohiyo, watu themanini na sita. Nikampigia Mama Flaviana kumpa habari njema, mjinga mimi. Akaniuliza, "Na ni nani atakayewaongoza?"