Mzee Odinamamad na Nguzo Ndani ya Pajero

Wasikilizaji wapendwa, ipueni chai, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Odinamamad wa kijiji cha Rivakdara, huko juu milimani, seremala na dereva, aliyefariki dunia hapa mjini Khorog akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: ni Mzee Odinamamad wa Rivakdara, mwenye Pajero ya kijani. Ndiyo, yule wa nguzo.

Desturi ya kipindi hiki ni kumsifu marehemu. Nitamsifu, anastahili. Lakini alikuwa jirani yangu kijijini, na alinichosha. Nikijifanya hapa sina hasira, mjane wake, Bi Savsan, atapiga simu studio anisute mbele yenu nyote.

Mzee alizaliwa Rivakdara, baba yake seremala, babu yake seremala. Nusu ya mapaa ya bonde letu ni kazi ya mikono yake. Baadaye akanunua Pajero, nayo ilikuwa tayari imezeeka, na huko kwetu juu hakuna gari jingine. Nasema tena: hakuna. Mgonjwa alishuka na Mzee. Bibi harusi alipanda na Mzee. Unga, kondoo, mwalimu mgeni, wote na Mzee. Hakuna mtu aliyeachwa barabarani, hata aliyemtukana jana yake.

Sasa tufike kwenye paa la gari. Nitajitahidi nisipandishe sauti.

Miaka sita iliyopita theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Mnajua nyumba zetu: theluji isipotolewa juu, nyumba inakulalia. Mzee akapanda na beleshi, akaanza kuisukuma theluji chini. Aliisukuma upande wa ukuta ambako gari lilikuwa limeegeshwa. Lilikuwa limefunikwa, halionekani. Akasukuma mzigo wa kwanza, akasukuma wa pili, mpaka akasikia mlio.

Bi Savsan alinisimulia maneno yao, na mimi nayatoa kama nilivyoyapokea.

"Nani kaegesha gari hapa?" Mzee akauliza kutoka juu.

"Wewe!"

"Basi si ungeniambia!"

"Nimekuambia tangu asubuhi, mwanamume wewe! Nimekuambia mara tatu!"

"Ungesema kwa sauti."

Paa la Pajero lilikuwa limebonyea katikati kama beseni. Mbavu za chuma zinazolibeba zilikuwa zimepinda. Mtu mwingine angelishusha gari Khorog kwa fundi wa kunyoosha bodi. Mzee aliingia ndani na jeki, akalisukuma paa kutoka chini. Likapaa juu kwa kishindo, akatoka anacheka. Alipofika kwenye daraja la kwanza likamshukia kichwani.

Nilimwambia, "Mzee, asiyeziba ufa atajenga ukuta."

Akanijibu, "Kujenga ukuta ndiyo kazi yangu."

Wasikilizaji wapendwa, akachonga nguzo. Nguzo ya mti wa mwaprikoti wa kwetu, ule wa matunda madogo ya kukausha? La, hata huo hakuutaka. Alichagua mti mkavu wa mpopla aliouhifadhi kwa ajili ya nyumba ya mwanawe. Akauranda, akautia nakshi kichwani, akausimamisha katikati ya gari, nyuma ya viti vya mbele. "Nyumba isiyo na nguzo ni hema," akasema. Juu ya bati akabandika lami na blanketi la manyoya ya kondoo. Mvua ikinyesha, abiria wa katikati anapewa bakuli la kukinga.

Miaka sita tumesafiri hivyo. Tumeikumbatia nguzo ile kwenye kila kona. Nakumbuka siku moja dada yake Mzee, Mama Bakhtmo, alipiga kelele njia nzima: "Kaka, mguu wangu uko upande wa pili wa nguzo na mimi niko upande huu! Simamisha nijikusanye!" Naye Mzee anaimba tu, mkono mmoja kwenye usukani.

Askari wa barabarani alimsimamisha.

"Hii nini, Mzee?"

"Nguzo."

"Ndani ya gari?"

"Kwani kwenu nyumbani hakuna nguzo, mwanangu?"

"Nyumba yetu haitembei barabarani!"

Akamnyang'anya namba za gari. Wiki nzima Rivakdara ikakaa bila gari, mpaka mama yake yule askari, anayeishi kulekule juu, alipotaka kushuka hospitali na hakukuwa na wa kumleta. Namba zikarudi. Mzee akajiona ameshinda kesi.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Savsan. Yeye alikuwa na hofu moja tu, na hakuificha: gari likipinduka, paa lile halitamlinda mtu. Litamfunika. Kila Mzee alipowasha injini, Bi Savsan alisimama mlangoni akisema, "Unaniacha mjane kwa ajili ya bati." Kila siku, wasikilizaji. Na Mzee kila siku alimjibu, "Kesho nitashuka kwa Yodgor."

Yodgor ni fundi wa bodi hapa Khorog, na kosa si lake. Mwaka uleule wa kwanza alipata paa zima la Pajero ya aina ileile. Alikuwa tayari kulikata la zamani na kulichomelea lile. Mzee akauliza limetoka wapi. Yodgor, mtu mkweli, akasema limetoka kwenye gari lililotumbukia mtoni na watu wake.

Mzee akavaa kofia yake, akaondoka. Baba yake alimfundisha kwamba boriti ya nyumba iliyowaangukia wenyewe haitumiki kwenye nyumba nyingine. Mwiko wa maseremala. Tukamwambia hilo ni bati, si boriti. Tukamwambia paa halikumuua mtu, mto ndio uliowaua. Shemeji zake wakaja, khalifa, kiongozi wetu wa dini, akaja akamwambia hakuna ubaya. Mzee akawanywesha chai ya maziwa wote, akawakatia mkate, akawasindikiza mpaka njiani. Paa akalikataa.

Mwaka huu, hatimaye, Yodgor alipata jingine. Jeupe, la gari ambalo injini yake ilikufa tu, mwenyewe akahamia Urusi. Mzee alimuuliza maswali kama hakimu, na hakuona pa kukatalia. Akasema, "Haya. Aprikoti zetu zikishakauka, nashuka."

Na kweli alishuka. Nataka mjue hilo, wasikilizaji wapendwa. Alishuka. Alimleta mgonjwa hospitali, akampigia simu Yodgor kwamba kesho asubuhi gari litakuwa kwake, akaenda kulala kwa Mama Bakhtmo. Asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo.

Hapo ndipo Mzee alipotuchosha kuliko siku zote.

Marehemu alitakiwa arudishwe Rivakdara akazikwe siku hiyohiyo. Mvua ilikuwa imekula barabara ya juu, na dereva wa mjini hata mmoja hakukubali kupanda. Gari lililoijua njia ile lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limeegeshwa nje kwa Mama Bakhtmo, na nguzo yake katikati. Tukaleta ubao wenye mwili. Haukuingia. Tukaugeuza, haukuingia. Mzee alikuwa mrefu, na nguzo imesimama palepale alipopaswa kulala.

Yodgor akaja mbio. "Nipeni siku mbili," alisema. "Paa liko tayari, nimelipaka rangi. Siku mbili tu."

Tukampigia simu Bi Savsan. Akasema, "Mume wangu hangoji siku mbili. Mleteni leo."

Tukang'oa nguzo. Paa likashuka papo hapo, na tulipomlaza ndani likakaribia kumgusa usoni.

Basi wanaume wanne tukaingia, wawili kila upande, tukapiga magoti kumzunguka. Mimi nilikuwa nyuma, kushoto. Tukainua mikono, tukalibeba paa. Mpwa wake akaendesha. Tumelibeba kutoka Khorog hadi Rivakdara, kila shimo, kila kona, na kila lilipotuponda viganja mimi nilikuwa namgombeza moyoni. Mzee, kwa nini? Mzee, ungeshuka mwaka jana! Mzee, mikono yangu! Kisha namtazama hapo chini yetu, ametulia, nami nainua tena.

Tulipofika, Bi Savsan alifungua mlango wa nyuma akatukuta tumenyoosha mikono juu. Hatukuweza hata kuishusha, ilikuwa imekufa ganzi. Hakulia. Alisema, "Miaka sita namwambia. Miaka sita! Mmeona sasa?" Halafu akaishika mikono yetu, mmoja mmoja, akatusaidia kuishusha. Alipofika kwa wa mwisho ndipo alipolia.

Paa jipya limeshafungwa. Jeupe juu ya gari la kijani, na mpwa ndiye anayeendesha. Bi Savsan alishuka nalo juzi, amekaa wima, hakushika bakuli wala hakukumbatia kitu. Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Zuri. Halivuji. Sasa sina wa kugombana naye."

Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Bi Savsan, kwa Mama Bakhtmo, kwa mwana wa Mzee aliyeko mbali na kwa watu wote wa Rivakdara. Mungu amlaze mahali pema. Mtu aliyetubeba wote alikuwa mbishi, na tulimpenda, na nina hasira naye mpaka sasa.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, inueni macho mtazame kilichoko juu ya vichwa vyenu. Kama kimebonyea, na kuna mtu mlangoni anayekuambia kila siku, nenda kwa fundi leo. Usimwambie kesho.